Jina la Mvua

Juzi nilipita sokoni Mkuyuni kununua dagaa, na muuzaji mmoja akanifungulia gunia lililokuwa limenyeshewa. Hakuniambia limenyeshewa, wauzaji hawasemi mambo hayo, lakini kwa jambo hilo pua yangu haidanganyiki. Dagaa aliyekauka kwa jua la siku moja ana harufu nyepesi, ya mchanga uliopata joto. Aliyelowa akaanikwa tena ana harufu nzito, inakukaa kooni hata ukishaondoka. Nilimshukuru muuzaji nikaenda zangu. Nilifika nyumbani Buswelu, nikawapikia watoto maharage, tukala, na harufu ile bado ninayo. Mwanangu mdogo akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nimechoka tu.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi ufukweni.

Sisi Wasukuma humpa mtoto jina la jambo lililokuwepo siku alipozaliwa. Yuko aliyezaliwa safarini, yuko aliyezaliwa wakati wa njaa, na wote hao wanatembea na majina ya siku zao mpaka kaburini. Siku niliyozaliwa mimi ilikuwa inanyesha, tena siyo manyunyu. Basi nikaitwa Kabula, na kila Msukuma anayelisikia jina hilo anaijua hiyo mvua. Lingekuwa jina zuri tu kama ningekulia kwa watu wanaolima. Lakini nilikulia kwenye dagaa.

Tuliishi kando ya ziwa upande wa Ilemela, mahali ambapo mitumbwi huingia asubuhi na wanawake huwa wamekwisha kuisubiri na ndoo zao. Baba alikuwa visiwani. Hivyo ndivyo mama alivyojibu kila alipoulizwa, “yuko visiwani”, na kwa kuwa ziwa lina visiwa vingi sana sikuona ajabu kwamba hakuonekana. Mama alinunua dagaa wabichi, akawamwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, akawatawanya kwa mikono mpaka kila mmoja akapata mahali pake pa kulala. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na yangeyange. Jua likiwaka vizuri, kufikia jioni dagaa walikuwa wanalia kama majani makavu ukiwashika. Likikosekana, wanageuka rangi, wanatoa mafuta, wanaanza kunuka, na hapo huna mteja isipokuwa wale wa chakula cha kuku. Kila kitu tulichokula na kuvaa kilipitia pale mchangani, chini ya mbingu ambayo hakuna aliyeweza kuifunika.

Sasa fikiria mtoto anayeitwa Mvua akizungukazunguka mahali kama hapo.

Mama Pendo, jirani yetu, ndiye aliyelianzisha. Alikuwa na mdomo ule wa kuchekesha watu asubuhi kabla hata hawajanawa. Akiniona ninashuka na fimbo yangu ya kunguru, alipiga kelele: “Jamani, funikeni dagaa! Kabula huyo anakuja!” Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka. Wakati mwingine wingu likitokea upande wa ziwa, mmoja angesema, “Mama Kabula, hebu mrudishe huyo mwanao nyumbani, mimi leo nimemwaga ndoo zangu zote.” Ulikuwa utani, najua leo. Zamani zile sikujua kama kuna utani. Nilirudi nyumbani mbio, nikaingia uvunguni mwa kitanda, nikabana pumzi, nikiamini kwamba nikijificha vizuri wingu halitajua nilipo. Lilipopita bila kunyesha nilitoka nikiwa nimefanya kazi kubwa kuliko watu wote pale ufukweni. Liliponyesha, nilijua sikujificha sawasawa.

Kwa bibi yangu mzaa mama, kule Misungwi, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Bibi alilima mahindi, mpunga kidogo na viazi. Tukimtembelea, nilipopiga magoti na kusema shikamoo, hakuitika marahaba mpaka kwanza ameshika kichwa changu kwa mikono miwili. “Mvua yangu imefika,” alisema. “Habali za ziwani?” Kisha alinizungusha shambani, ananiambia nikanyage hapa, na hapa, na pale kwenye kona ambako ardhi ilikuwa ngumu. Mvua ikinyesha wiki hiyo, nilipewa kiazi kikubwa kuliko cha binamu zangu. Kwa bibi hakuna aliyecheka. Bibi aliamini kabisa, na jambo hilo lilinitisha kuliko utani wa Mama Pendo.

Ukaja msimu mmoja mbaya. Mvua ilikuwa haiagi. Mama alikuwa akianika asubuhi, mchana tunakimbizana na turubai, jioni tunakusanya uji wa dagaa. Namkumbuka amekaa mlangoni, anatafuna pindo la khanga yake, macho yako ziwani. Nilikuwa nikimwita mara kadhaa kabla hajanisikia. Tulikula ugali na wale waliolowa mpaka nguo zetu, mablanketi, hata nywele zangu zikanuka.

Katika msimu huohuo mama alirudi kanisani. Alikuwa amebatizwa tangu msichana lakini alikuwa ameacha kwenda, sijui kwa sababu gani. Kigango chetu kilikuwa nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, juu kidogo ya mawe, na madirisha yake hayakuwa na vioo, hivyo ulisali huku unaliona ziwa. Mama aliingia kwaya. Akaanza kuimba wakati wa kugeuza dagaa. Lililonishangaza ni kwamba aliacha kutafuna khanga. Mvua ilikuwa ileile, hasara ileile, ila mtu aliyekaa pale mlangoni hakuwa yuleyule. Ukimwita, aligeuka mara moja.

Mimi nilielewa kwa akili yangu. Nilifikiri mama ameahidiwa jua. Mtu hawezi kutulia hivyo, niliona, bila kuwa ameambiwa kwa siri kwamba mambo yatakaa sawa, na kilichobaki kuzuia ahadi ile isitimie ni mimi, Kabula, niliyelala kitanda kimoja naye.

Ndiyo maana nilipoandikishwa kwenye mafundisho ya ubatizo nilikwenda kwa bidii iliyomshangaza katekista. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyekuwa akipiga chafya kila alipofuta ubao. Siku moja alitueleza kwamba mtu akibatizwa anakuwa mtu mpya, ya kale yanakuwa yamepita, na anapewa jina. Nilinyoosha mkono.

“Lile la zamani linakwenda wapi?”

Wenzangu wakacheka. Katekista akatafakari. “Linabaki nyuma,” alisema. “Unaanza upya.”

Nilitaka kumkumbatia. Nilichagua kuitwa Agnesi. Katekista alifurahi, akanieleza habari za mtakatifu yule na ujana wake, nami nikaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba Agnesi pekee niliyemjua alikuwa mwanamke wa kule mwisho wa ufukwe, aliyeanika dagaa wake kwenye vichanja vya miti juu ya ardhi, ambaye dagaa wake hawakuharibika sana. Niliona ni jina lenye ukavu.

Siku ya ubatizo padri alinimiminia maji kichwani, yakashuka shingoni, yakaingia ndani ya gauni jeupe la kuazima. Yalikuwa ya baridi. Nilifumba macho, nikasikia kabisa mvua ikinitoka. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali mpaka watu wakaweka mikono juu ya macho, nami peke yangu katika umati ule nilijua sababu.

Na jua halikuondoka. Hili ndilo lililonimaliza. Kama ingenyesha hata wiki ileile ningejua nimekosea, yangeishia hapo. Lakini jua liliwaka siku baada ya siku, mbingu nyeupe kwa joto, dagaa wanakauka kabla ya saa tisa. Mama alinunua sufuria mpya. Nilitembea ufukweni kifua mbele. Kitu kimoja tu kilinikera: wanawake waliendelea kumwita mama “Mama Kabula”. Niliwarekebisha kila mara. “Mimi ni Agnesi.” Mama Pendo alishika kiuno. “Haya, Agnesi. Na mama yako naye tumwiteje, bikizee?” Sikucheka. Niliogopa wakilitaja lile jina sana litasikia na kurudi.

Kisha mjomba akapiga simu kutoka Misungwi. Mama alisikiliza huku amegeukia ukuta, akisema “ee” na “ee” na “pole sana”. Alipomaliza aliniambia tutakwenda kwa bibi Jumamosi.

Nilikuwa sijawahi kuona shamba la bibi likiwa hivyo. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni mwangu yakaishia hapo. Majani yalijikunja kwa ndani, na upepo ulipopita yalitoa sauti ileile ya dagaa waliokauka vizuri, sauti niliyoipenda kuliko zote. Nilisimama pale nikaisikiliza.

Bibi alitoka ndani alipotusikia. Alikuwa amekonda. Hakungoja nipige magoti, alinijia akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. “Mvua yangu imefika,” alisema, akatazama juu. Kwa kweli alitazama juu, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

“Bibi,” nikasema, “mimi siitwi Kabula tena. Nimebatizwa. Naitwa Agnesi.”

Mikono yake ilibaki kichwani pangu kidogo. Kisha akaiondoa. Hakunigombeza. Alirudi ndani, akakaa, na siku zote tulizokaa pale hakuniita kwa jina lolote. Akinihitaji alisema “wewe mtoto”. Hakuniambia nikakanyage popote.

Nani ningemwambia? Mama alikuwa ametulia kwa sababu ya jua, hivyo nilidhani, na jua nililileta mimi. Nikilirudisha, anarudi mlangoni kutafuna khanga. Nikiliacha, bibi anakufa njaa. Tuliporudi nilikwenda kwa katekista peke yangu, nikamkuta anafagia kanisa. Nilimsalimu, nikamwuliza kama mtu anaweza kutolewa ubatizo akitaka.

Aliacha kufagia. Nafikiri alidhani nimesikia mahubiri ya madhehebu mengine. “Agnesi,” alisema, uso wake ukachangamka, “nikuambie jambo zuri. Ubatizo hautoki. Ni alama inayotiwa rohoni, na hakuna wa kuifuta. Hata wewe ukikimbia, ukaenda mbali, unayo. Milele unayo.” Akapiga chafya, akacheka, akaniambia niende kwa amani.

Niliteremka yale mawe nikilia. Alikuwa amenipa habari ambayo watu huifia, nami niliipokea kama mfungwa aliyesomewa hukumu. Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, mama mmoja alisimama akaomba jua liendelee kwa ajili ya waanikaji wa dagaa. Baada yake akasimama baba mmoja mwenye ndugu mashambani akaomba mvua. Watu waliwaitikia wote wawili kwa sauti ileile, na hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake. Mimi nilikuwa katikati. Sikuweza kuitikia la yeyote. Kama Mungu alikuwa anasikiliza, nilifikiri, ananitazama mimi.

Bibi aliletwa kwetu na mjomba wakati mahindi yalipokuwa hayana tumaini tena. Alikuja na mfuko mmoja na jembe. Jembe la nini ufukweni, sijui, labda hakujua namna ya kusafiri bila jembe. Mama alimpa kitanda, sisi tukalala mkekani. Asubuhi alishuka nasi mchangani, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama watu wakianika samaki wadogo kama vidole vya mtoto. “Hii ndiyo kazi?” aliuliza. Mama akasema ndiyo hii, mama.

Mvua ilikuja ikiwa hatujakaa naye sana. Ilikuwa mchana, nyavu zimejaa kutoka mwisho hadi mwisho, na ilivuka ziwa kwa haraka ile ambayo kwanza unaona visiwa vinapotea, halafu maji yaliyo karibu yanakuwa meusi, halafu huna muda tena. Wanawake walipiga kelele. Mama aliliburuta turubai, upepo ukalipokonya. Bibi alishika ncha moja ya wavu, nami ncha nyingine, tukajaribu kuukunja, dagaa wakatuteleza kama tope. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba nilimwona mama akifungua mdomo nisimsikie. Katika muda mfupi sana hapakuwa na cha kuokoa.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kufa. Dagaa ndio hao wanaelea. Yote mawili. Kama ingekuwa moja tu ningeendelea kujifunga mdomo, lakini yote mawili kwa pamoja yalinizidi. Niliachia wavu, nikamkimbilia mama, nikamshika miguu, nikamwambia kila kitu kwa kelele: uvungu wa kitanda, jina, maji ya padri, jua, shamba la bibi, na kwamba katekista amesema ubatizo hautoki, hautoki milele, na kwamba sasa mvua imerudi wakati haimsaidii mtu.

Mama hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikaa mchangani, palepale kwenye maji, akanipakata mkubwa vile nilivyokuwa. Alikuwa akicheka na kulia. “Ungekuwa na nguvu hizo, mwanangu,” alisema, “ungedhani ningekuacha ufukuze kunguru?”

“Mimi nilijua,” bibi alisema.

Alikuwa amesimama mbele yetu, kilemba kimemlowa, wavu mkononi. “Nilijua tangu aliponiambia. Jina halibadilishwi ovyo. Umelitupa jina, mvua ikatupa shamba.” Hakusema kwa hasira. Alisema jinsi mtu anavyosema kilichompata.

Nilijikunja. Mama akanishika zaidi. “Hapana, mama,” alisema. “Huyu hana mvua. Hajawahi kuwa nayo, hata siku moja. Ni mtoto tu. Na mimi sina jua.”

“Sasa anayo nani?”

“Anayo Mungu.”

“Huyo wa kule juu kwenye mawe?”

“Huyohuyo.”

Bibi alitazama mchanga, na ule uchafu wa rangi ya fedha unaochukuliwa na maji. “Mbona hakuniletea ilipotakiwa?”

Nilimtazama mama. Nilitaka sana awe na jibu. Mtu anayekwenda kanisani kila Jumapili, anayeimba, aliyetulia namna ile, nilidhani jibu analo na alikuwa ameliweka mahali.

“Sijui,” mama alisema.

“Hujui?”

“Sijui, mama. Nimemwuliza. Siku kaka alipopiga simu nilimwuliza usiku na mchana. Hajaniambia.”

“Na leo je? Dagaa hawa je?”

“Na leo nitamwuliza.”

“Na bado unamwendea?”

“Bado namwendea.” Mama alijifuta uso, kazi bure, maana mvua ilikuwa bado inamwagika. “Zamani nilikuwa nanyeshewa peke yangu, mama. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Sasa siyo peke yangu.”

Hivyo ndivyo ahadi yote ilivyokuwa. Hapakuwa na jua ndani yake. Nilikuwa nimebeba mbingu ya Mwanza na ya Misungwi kichwani kwa miezi, na kumbe sikuwa na kitu, mama hakuwa na kitu, bibi hakuwa na kitu, wote watatu tumekaa kwenye maji na mikono mitupu. Nilipaswa kuogopa. Badala yake nililala usingizi mapajani pa mama huku inanyesha, usingizi mzito, kama mtoto aliyetuliwa mzigo.

Kabla usingizi haujanichukua, bibi aliukunja ule wavu wake mpaka mwisho, polepole, akaukamua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa mpaka wa shamba na anakwenda kumwona mwenyekiti wa kijiji: “Basi Jumapili nitakwenda kumwuliza mwenyewe.”

Alikwenda. Alikaa benchi la nyuma kabisa, hakuimba, hakupiga magoti, alikunja mikono akatazama mbele. Jumapili iliyofuata alikwenda tena. Aliporudishwa Misungwi masika yaliyofuata alitafuta kanisa la huko, akaendelea. Alibatizwa akiwa mzee sana, na padri alipomwuliza anachagua jina gani alimjibu kwamba analo tayari.

Nilipokuwa msichana mkubwa, yeye hawezi tena kwenda shambani, nilimkuta amekaa kivulini nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Mwaka huo yalikuwa machache, kama miaka mingi. Nilikuwa na maswali yangu mwenyewe wakati huo, mazito kuliko ya mvua, na mama alikuwa amekwisha kufariki. Nikamwuliza bibi kama lile swali lililompeleka kanisani alijibiwa.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa jeupe.

“Bado,” alisema. “Ila tumeshazoeana.”